Chenso ya Zamani Inasumbua: Soma Dalili Kabla ya Kugusa Kabureta

Chenso iliyokata vizuri wiki iliyopita na leo inasumbua haikuharibiwa na skrubu za kabureta. Skrubu hazijizungushi zenyewe. Kuna kitu kingine kimebadilika: mafuta, hewa, moto wa plagi au kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda. Hata hivyo bisibisi ndiyo hushikwa kwanza. H, skrubu ya mafuta ya resi ya juu, inafunguliwa nusu, L ya resi ya chini inafungwa robo, mlio unabadilika, mashine inaonekana imepona, na baada ya siku chache pistoni imenata. Hapa tunakwenda kinyume: dalili kwanza, chanzo baadaye, skrubu mwisho.

Yanayofuata yanahusu mashine za zamani zenye kabureta ya kawaida ya skrubu, kama Stihl 070, Husqvarna 61 na 272, na jamaa zake, iwe inaangusha minazi Pangani, msaji Muheza au misindano kule Shume. Mashine mpya zenye kabureta inayojirekebisha, yaani M-Tronic za Stihl na AutoTune za Husqvarna, zina utaratibu wake na hazimo humu.

Swali la kumuuliza mwenye mashine ni moja: inasumbua wakati gani? Ikiwa baridi au ikishapata moto? Resi ya chini, wakati wa kupiga resi, au ikiwa ndani ya gogo? Inabadilika ukiilaza ubavu? Majibu hayo yanapunguza kazi kuliko kufungua mashine yote mezani.

Mafuta kwanza

Mwaga yaliyomo kwenye tenki ndani ya chupa nyeupe ya plastiki na uiache itulie dakika kumi. Maji hukaa chini, yakionekana kama matone au mstari unaotenganisha. Pwani ya Tanga, hasa masika, dumu lililojaa nusu na kuachwa nje hukusanya maji hata kama hakuna aliyeyatia: hewa yenye unyevu inaingia mchana, usiku inapoa na kutona ndani ya dumu.

Petroli ya kuuziwa kwenye chupa kando ya barabara ipime kabla ya kuichanganya na oili. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi inakauka upesi na haiachi alama ya maana; iliyotiwa mafuta ya taa inaacha doa la mafuta ambalo haliondoki. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (alama za kemikali za kutambulisha) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji huo huo, lakini kinachopimwa kituoni si lazima kiwe ndicho kilichomo kwenye chupa ya kijijini. Mafuta ya taa kwenye injini ya tu-stroki yanaifanya iwake kwa shida, itoe moshi mwingi na igonge ikiwa kazini, na kugonga huko kunatoboa pistoni.

Kipimo cha oili: ukitumia oili nzuri ya tu-stroki kwa mashine inayopozwa na hewa, mililita 20 kwa lita 1 ya petroli, yaani 1:50. Oili ya kawaida ya tu-stroki, au usiyoijua vizuri, weka mililita 40 kwa lita, yaani 1:25. Kwa dumu la lita 5 ni mililita 100 au 200. Bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa ni kipimo bora kuliko kifuniko cha chupa, maana vifuniko havilingani.

Kuna kosa la watu wa pwani hasa: kuchukua oili ya mashine ya boti, ile iliyoandikwa TC-W3, na kuitia kwenye chenso kwa kuwa zote ni tu-stroki. Mashine ya boti inapozwa na maji. Silinda ya chenso inapozwa na upepo wa feni na ina joto kubwa zaidi, joto ambalo oili ile haikuandaliwa kulibeba. Tafuta mkebe wenye alama ya JASO FC au FD. Oili ya injini ya gari nayo isikaribishwe; inaacha masizi magumu kwenye ekzosi na kunatisha ringi. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi usirudishe kwenye mashine.

Haiwaki kabisa

Hakikisha swichi imewashwa, funga choki, vuta kamba mara nne au tano. Ikikohoa mara moja, fungua choki nusu na uvute tena. Wengi huendelea kuvuta choki ikiwa imefungwa baada ya ule mkohoo wa kwanza, na hapo ndipo silinda inapolewa mafuta.

Isipowaka, toa plagi uiangalie. Imelowa au imekauka?

Ikiwa imelowa, mafuta yanafika. Shida ni moto, au umezidisha choki. Geuza mashine tundu la plagi liangalie chini, choki wazi, resi imebanwa, swichi imezimwa, vuta kamba mara kumi petroli iliyozidi imwagike. Kausha plagi, isafishe, pima nafasi yake iwe mililimita 0.5, kisha rudisha na ujaribu bila choki.

Kupima moto, chomeka plagi kwenye waya wake, shikiza chuma cha plagi kwenye chuma cha silinda, mbali na tundu la plagi na mbali na petroli iliyomwagika. Moto wa bluu wenye mlio wa kupasuka ni mzuri. Mwekundu mwembamba ni dhaifu. Unaonekana nje lakini ndani ya kompresheni unazimika. Kama hakuna moto kabisa, usikimbilie kununua koili. Weka plagi mpya kwanza. Kisha chomoa waya mwembamba wa swichi kwenye koili na ujaribu tena. Moto ukirudi, koili ni nzima: kosa liko kwenye swichi au waya wake uliochubuka na kugusa chuma. Mashine inayokaa karibu na bahari hupata kutu kwenye swichi, kwenye sumaku za flaiwili (gurudumu zito linalozunguka na krenki) na kwenye vyuma vya koili vinavyoelekea sumaku. Zisugue kwa msasa laini.

Nafasi kati ya koili na sumaku iwe mililimita 0.2 hadi 0.3. Legeza skrubu mbili za koili, zungusha flaiwili sumaku ielekee koili, pachika kadi ngumu ya biashara katikati, acha sumaku iivute koili yenyewe, kaza, toa kadi. Zungusha duara zima kuhakikisha hakuna panapogusa.

Stihl 070 za mwanzo na mashine nyingi za zama hizo zina platini, yaani vibati viwili vinavyogusana na kuachana ili kuzalisha moto wa plagi, chini ya flaiwili. Nafasi ya platini ikiwa wazi kabisa iwe kama mililimita 0.35 hadi 0.4. Platini zilizoota oksidi baada ya mashine kukaa miezi hazipitishi umeme hata kama zinaonekana safi. Pitisha tupa laini, halafu karatasi safi iliyoloweshwa petroli ili kuondoa unga. Zikiungua haraka na kuwa na shimo upande mmoja na kinundu upande wa pili, badilisha kondensa pia. Wanaochoka na kazi hiyo huweka chipu ndogo ya kielektroniki inayochukua nafasi ya platini na kondensa pamoja. Inafanya kazi, mradi sumaku bado zina nguvu.

Ukiwa umefika kwenye flaiwili, tazama ufunguo wake, kile kibati kidogo kinachoishikiza kwenye krenki. Ukikatika au kukunjika, moto unakuja wakati usio wake: kamba inapiga mkono kurudi nyuma, au mashine inatoa mlipuko kwenye ekzosi bila kuwaka. Mara nyingi kisa chake ni nati ya flaiwili iliyolegea.

Plagi ikiwa kavu baada ya kuvuta mara nyingi na choki, mafuta hayafiki. Hapo tenki, mpira na kabureta vinahusika, na twende kwa mpangilio huo.

Mpira, filta na kabureta

Vuta filta ya mafuta kutoka tenkini kwa waya uliopindwa. Ikiwa nyeusi na nzito, badilisha. Kuipuliza hakusaidii sana. Pinda mpira wa mafuta kwa vidole karibu na shingo ya kabureta na pale unapopita kwenye ukuta wa tenki. Mpira wa zamani unapasuka hapo, ufa usioonekana mpaka uupinde. Unavuta hewa badala ya petroli, hasa tenki likishuka nusu. Hii ndiyo maana ya ile mashine inayofanya vizuri ikijazwa na kusumbua ikibaki robo.

Tenki nalo lazima lipumue. Tundu au vali ya kupumulia ikiziba, petroli inatoka na hakuna hewa inayoingia kujaza nafasi. Mashine inakata dakika tano au kumi, inalegea, inazima, ikikaa kidogo inawaka tena. Ikizima tu, fungua kifuniko cha tenki. Ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa mlio wa “fyuu” na baada ya hapo ikawaka bila shida, umeshapata jibu bila kushika spana.

Sasa kabureta. Ni Walbro, Tillotson au Zama, na zote zinafanya kazi kwa namna moja. Upande mmoja una diaframu ya pampu: msukumo wa hewa kutoka ndani ya sanduku la krenki unaipiga juu na chini, nayo inavuta petroli tenkini. Upande wa pili una diaframu ya kupimia, inayobonyeza kijiti kidogo kinachofungua sindano. Diaframu hizo ni za mpira au plastiki nyembamba, na umri ndio adui wao. Ishike kwa vidole viwili. Nzima inalegea na kujikunja kama ngozi laini. Iliyokufa ni ngumu, ina mikunjo iliyokaa, na ukiibonyeza katikati inatoa mlio wa kukatika wa karatasi kavu. Diaframu hiyo haisikii tena mvuto mdogo wa resi ya chini, na hakuna mzunguko wa skrubu utakaoilainisha. Weka seti mpya ya diaframu na gasketi.

Chini ya kifuniko cha pampu kuna kichujio cha waya kidogo kuliko punje ya mchele. Watu husafisha kabureta nzima na kukisahau. Kitoe kwa ncha ya pini, kioshe au badilisha.

Mpangilio wa kurudisha ndiyo sehemu inayowakosesha hata mafundi. Kwa kabureta nyingi za aina hii, upande wa diaframu ya kupimia gasketi inatangulia kwenye mwili wa kabureta, kisha diaframu, kisha kifuniko. Upande wa pampu ni kinyume: diaframu inatangulia, gasketi inafuata. Ukipishanisha, mashine haitavuta mafuta, au itamwaga mafuta, na utaanza kutafuta ugonjwa mpya uliouweka mwenyewe. Piga picha kwa simu kabla ya kutenganisha.

Kijiti cha sindano kikiwa juu mno, kabureta inafurika; kikiwa chini mno, inanyimwa. Kimo chake hutofautiana kwa aina ya kabureta. Ncha ya sindano ikiwa na mstari uliochimbika, badilisha.

Usipitishe waya wa shaba kwenye matundu ya jeti. Tundu likipanuka hata kidogo, kabureta hiyo haitashika tena kipimo. Tumia dawa ya kusafishia kabureta au petroli safi na hewa, na usipulize hewa ya kompresa diaframu zikiwa ndani.

Inawaka lakini haitulii resi ya chini

Hapa ndipo chenso za zamani zinapowapoteza wengi, kwa sababu kuna vyanzo viwili vinavyofanana kwa mlio na tofauti kabisa kwa hatari.

Chanzo cha kwanza ni kidogo: njia ya mafuta ya resi ya chini imeziba au diaframu imekauka. Mashine inazima ukiachia resi, au ukipiga resi ghafla inasita, inakohoa, halafu inakubali. Kabureta ikisafishwa na diaframu mpya, inaisha.

Chanzo cha pili ni hewa inayoingia pasipo ruhusa. Sili za krenki zimekauka, mpira unaounganisha kabureta na silinda umepasuka, gasketi chini ya silinda imevuja, au mpira wa msukumo wa pampu una ufa. Injini ya tu-stroki inalainishwa na oili iliyo ndani ya petroli yake. Hewa ya ziada ikiingia, petroli inapungua kwa uwiano, na oili inapungua nayo. Mashine inapata joto huku mlio wake ukiwa mtamu, mkali, wa kuvutia. Mlio huo unamfurahisha mwenye mashine na kuua pistoni.

Dalili za hewa inayovuja: resi ya chini inapanda na kushuka yenyewe; ukiachia resi, mashine inachelewa kushuka; ukiilaza ubavu au kuigeuza, mlio unabadilika; ikiwa imepata moto inakimbia juu; ukizima swichi inaendelea sekunde moja mbili. Na moja ya kuangalia kwa makini: umefungua L hadi mizunguko miwili au zaidi na bado inaonekana kukosa mafuta. Kabureta nzima haihitaji kufunguliwa hivyo.

Kipimo cha kweli ni cha shinikizo. Ondoa ekzosi, ziba tundu lake kwa kipande cha mpira kilichobanwa na bamba. Ziba tundu la kabureta vivyo hivyo, ingiza hewa kupitia mpira wa msukumo au tundu la plagi hadi bar 0.5, na uone kama geji inashuka. Paka maji ya sabuni kwenye maungio; povu litakuonyesha mahali. Halafu fanya kinyume, vuta hewa kutoka ndani hadi ombwe la bar 0.5. Usiruke hatua hii ya pili. Sili ya krenki ina mdomo unaobanwa na shinikizo la ndani, kwa hiyo inaweza kufaulu kipimo cha kwanza na kushindwa cha pili.

Asiye na pampu hizo anaweza kuangalia kwa macho. Toa klachi na flaiwili, tazama nyuma yake. Mahali pakavu penye vumbi ni pazuri. Penye unyevu wa oili na unga wa mbao ulioganda, sili inavuja. Mpira wa kabureta ulioshikwa na jua na petroli miaka mingi hupasuka upande wa chini ambao hauonekani bila kuutoa na kuupinda. Sili ni spea ya bei ndogo ukilinganisha na pistoni na silinda. Kwenye mashine ya zamani iliyofunguliwa kwa sababu nyingine yoyote, zibadilishe tu.

Inakosa nguvu ndani ya gogo

Kwanza tazama unga unaotoka. Mnyororo mkali unatoa vipande vya mbao; butu unatoa vumbi laini na mwenye mashine anasema injini imechoka. Msaji una chembe za silika zinazomaliza makali haraka, na mnazi una nyuzi ngumu na mchanga uliokwama kwenye magome. Hilo likiwa sawa, endelea.

Chujio la hewa: lioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, likauke kabisa. Lililoziba linaifanya mashine ikose hewa na kumeza mafuta, moshi unaongezeka. Kosa baya ni kurekebisha kabureta chujio likiwa chafu. Kesho ukilisafisha, hewa inaongezeka, na kipimo ulichoweka kinakuwa cha mafuta machache.

Ekzosi: mashine inawaka vizuri, resi ya chini imetulia, lakini haipandi. Fungua ekzosi. Kichujio cha kuzuia cheche kikiwa kimefunikwa masizi, kichome kwenye moto hadi masizi yaungue, kipige brashi. Tundu la silinda likiwa na masizi, vuta kamba taratibu pistoni ifunike tundu, kisha kwangua kwa kijiti cha mti mgumu, si bisibisi, na upulize uchafu nje.

Ikiwa inapanda vizuri bila mzigo na inakufa ikishika gogo, mafuta hayatoshi kwa kasi ya juu: filta ya tenki, mpira wa msukumo, kichujio kidogo cha kabureta, au H iliyofungwa mno. Kwa mpangilio huo.

Ikishapata moto haiwaki

Inakata asubuhi, mchana ukizima kujaza mafuta haiwaki mpaka ipoe nusu saa. Ipime ikiwa ya moto, si kesho yake. Toa plagi papo hapo uangalie moto. Ukikosekana na ukarudi ikipoa, koili imekufa kwa joto. Waya wa ndani unaachana ukitanuka. Moto ukiwepo, pima kompresheni ikiwa ya moto vilevile. Ringi zilizochakaa zinaweza kushika zikiwa na oili baridi na kuachia oili ikiwa nyepesi.

Vyote viwili vikiwa sawa, huenda petroli inachemka ndani ya kabureta. Angalia kinga ya joto kati ya silinda na kabureta, na mapezi ya silinda yaliyoshindiliwa unga wa mbao na oili. Kabla ya kuzima mashine iliyotoka kwenye kazi nzito, iache izunguke resi ya chini nusu dakika kwanza ili feni iondoe joto.

Kurekebisha skrubu, na habari ya mlima

Hadi hapa mashine ina mafuta safi, haivuji hewa, chujio ni safi, mnyororo umenolewa. Sasa bisibisi ina kazi. Fanya hivi ikiwa na baa na mnyororo, ukiwa umesimama mahali wazi na mnyororo haugusi kitu.

Funga L na H polepole mpaka ziguse. Usizikaze, ncha zake zinaharibika. Fungua kila moja mzunguko mmoja. Washa, ipashe moto dakika tatu hadi tano. Tafuta kwa L pale resi ya chini inapokuwa juu kabisa, halafu ifungue kidogo, kama moja ya nane ya mzunguko. Piga resi ghafla: ikisita, fungua kidogo tena. Skrubu ya tatu, LA au T, ndiyo ya kuweka resi ya chini. Iweke mnyororo usitembee. Mashine nyingi hutulia karibu na mizunguko 2,500 hadi 2,800 kwa dakika. Mnyororo ukiendelea kutembea hata resi ikiwa chini, springi ya klachi imelegea au imekatika.

H inawekwa kwa sikio. Resi imebanwa hadi mwisho bila mzigo, kwa sekunde chache tu, mlio uwe na mtetemo kidogo, kama unaokatika-katika: hiyo ni dalili ya mafuta kuzidi kidogo. Ikiingia gogoni mlio unanyooka. Ukiwa mwembamba na mkali bila mzigo, fungua H mara moja. Kwenye mashine ya zamani ni heri kupoteza nguvu kidogo na kubaki na pistoni. Plagi iliyotolewa mara baada ya mkato mrefu ikiwa ya kahawia ni sawa, nyeupe ni hatari, nyeusi yenye unyevu mafuta yamezidi. Plagi iliyotoka kwenye resi ya chini haisemi kitu.

Mkoa wa Tanga una jambo lake hapa. Jiji liko usawa wa bahari. Lushoto mjini ni kama mita 1,400, na Shume iko juu zaidi. Hewa ya juu ni nyepesi, na nguvu ya injini hupungua kwa takribani asilimia 10 kila mita 1,000. Chenso iliyorekebishwa Tanga mjini ikipandishwa Shume itakuwa na mafuta mengi kwa hewa iliyopo: moshi, uzito, plagi nyeusi. Hiyo ni kero tu. Hatari ni safari ya kurudi. Mtu anafunga H robo mzunguko akiwa mlimani, mashine inachangamka, halafu inateremshwa Korogwe au Muheza ikiwa vilevile. Hewa nzito ya chini inakutana na mafuta yaliyopunguzwa, na pistoni inanata kwenye gogo la kwanza. Andika kwa kalamu ya rangi kwenye kifuniko ndani: H na L za chini, H na L za juu. Ukishuka, fungua kabla ya kuwasha.

Pistoni

Dakika tano za kutoa ekzosi zinakuonyesha mengi. Vuta kamba taratibu, mulika kwa tochi ya simu kupitia tundu la moshi. Pistoni yenye ngozi laini ya kijivu ni nzima. Mikwaruzo ya wima upande wa ekzosi ni ya kukosa mafuta au kupata joto. Mikwaruzo kuzunguka pande zote ni ya kukosa oili, yaani petroli tupu. Ukitoa kabureta ukaona upande wa kuingizia umesuguliwa na kufifia kama uliopigwa msasa, vumbi limepita chujio lililotoboka au lisilokaa vizuri.

Kompresheni bila geji: swichi imezimwa, nyanyua mashine kwa kushika kishikio cha kamba ya stata. Nzima inaning’inia na kushuka kwa hatua. Ikishuka moja kwa moja, imechoka. Kwa geji, psi 120 kwenda juu inafanya kazi vizuri. Chini ya 100 itawaka kwa shida na kukosa nguvu, na hakuna kabureta itakayoifidia.

Silinda iliyoachiwa alama za aluminiamu na pistoni bado inaweza kuokolewa. Ondoa aluminiamu kwa msasa laini wenye oili, polepole, kisha pitisha kucha. Kucha ikikwama kwenye mfereji, au tabaka gumu la ndani likiwa limebanduka, silinda imekwisha. Usipeleke kuchongwa kama ya pikipiki, maana ule ugumu ni tabaka jembamba tu. Ringi isukume katikati ya silinda kwa pistoni na upime mwanya wa ncha zake: ukizidi mililimita 1, badilisha.

Kufunga pistoni mpya, mshale wa juu uelekee ekzosi. Klipu za pini ziwe mpya, midomo yake iangalie juu au chini, isiwe pembeni, la sivyo inaruka na kukwaruza silinda ile ile uliyoinunua. Na chanzo kilichoua pistoni ya kwanza kiwe kimeshapatikana kabla ya kuvuta kamba. Tenki tatu za mwanzo H iwe imefunguliwa kidogo zaidi ya kawaida, mkato mfupi mfupi, halafu rekebisha upya.